Kapteni na Watangulizi Wake

Walisimama.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, msomaji wangu: uwanja mzima wa Munje, wake kwa waume, umesimama kwa mpigo mmoja, na Suleiman Shehe, Kapteni wa bendi ya Mkizi Jazz, yuko nyuma ya jukwaa anafunga vifungo vya koti lake jekundu, roho imemjaa furaha.

Alidhani wamesimama kucheza.

Na kwa nini asidhani? Wimbo aliuchagua mwenyewe. Alimwambia Bi Mwanatumu, mwimbaji wa kijiji aliyepewa kazi ya kuchangamsha watu kabla ya magitaa, "Bibi, mwisho mpige ule wa nzumari, ule wa utotoni mwangu. Hakuna mtamu kama huo." Bi Mwanatumu akamtazama sana. Akauliza, "Ule? Una hakika?" Akajibiwa, "Nina hakika."

Basi Mzee Ngala, mpuliza nzumari wake, akajaza mashavu, nzumari ikalia, Bi Mwanatumu akaupokea kwa sauti yake ile nzito, na watu wakasimama.

Kisha mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akainama, akakung'uta mchanga, akaanza kukunja mkeka.

"Wanafanya nini?" Suleiman aliuliza.

"Wanakunja mikeka, Kapteni," alisema Chome.

"Mikeka naiona! Nakuuliza wanaikunjia nini?"

Chome alikuwa mpiga besi, mtu mzima mwenye watoto watatu na ndevu za kidevuni tu. Akafikiri. "Labda wanataka nafasi ya kutwisti."

Lakini mkeka wa kwanza ulikwenda kwapani, na wa pili kichwani, na watoto wakafungwa migongoni, na wanaume wakaanza kutafuta viatu vyao. Hakuna aliyesukumwa, hakuna aliyekasirika. Waliondoka kama watu waliotoka kula pilau ya watu, wanauimba ule wimbo chini kwa chini. Na jua lilikuwa bado kali. Alasiri ndiyo kwanza imeswaliwa.

Suleiman alirukia jukwaani. "Mabibi na mabwana! Bado! Mkizi Jazz bado!"

Kipaza sauti hakikutoa hata mkwaruzo. Injini ya umeme ilikuwa haijawashwa.

Chome akavuta kamba. Injini ikakohoa. Akavuta tena, ikakohoa. Ilipokubali, na sauti ya Suleiman ilipovuma hadi minazini, "Bado!", uwanjani walikuwa wamesalia mbuzi wawili na bwana mmoja mnene aliyekaa kitini.

Na huyo bwana mnene ndiye aliyefanyiwa yote haya.

Kama umeanza kutusoma leo, nikueleze upesi. Ni mwaka wa pili wa uhuru. Galu kunajengwa hoteli mpya, na huyo bwana mnene, Bwana Abdulkadir, ndiye aliyepewa kazi ya kuitafutia bendi. Kazi ya mwaka mzima, kila Jumamosi alasiri, na chumba cha kulala juu yake. Suleiman alikitaka kile chumba kuliko alivyotaka kitu chochote duniani.

Msimcheke. Miaka kumi na mmoja mtu analala juu ya masanduku ya spika, leo Vanga, kesho Mazeras, keshokutwa foleni ya feri Likoni, na kila jioni avae koti jekundu na kutabasamu. Mgongo wake ulimuuma kama uliotwangwa kinuni. Sifa alishazichoka. Alitaka mlango wa kuufunga kwa ndani, alale.

Tena alikuwa na nuksi. Popote alipokwenda, waliotangulia jukwaani walimfunika. Vanga, mpiga zeze mmoja alitoka shambani na jembe begani, akapiga nyimbo tatu, na watu wakamdai yeye mpaka magharibi. Kwale, mwalimu mwenye kodiani aliyejua wimbo mmoja tu aliupiga mara saba, na mara ya saba ilipendwa kuliko ya kwanza. Suleiman alikuja kupanda jukwaani kila mahali kama mgeni aliyefika karamuni vyombo vinaoshwa.

Lakini kufukuziwa uwanja mzima? Hilo lilikuwa jipya.

Alimkuta Bi Mwanatumu nyuma ya jukwaa anakunja leso yake.

"Bibi, umenimaliza!"

"Shusha sauti, mwanangu. Mzee anapumua."

Kweli, Mzee Ngala alikuwa ameketi juu ya sanduku, mkono kifuani, macho ameyafumba, anavuta pumzi moja moja kama mtu anayeteka maji kisima kirefu.

Suleiman akashusha sauti, hasira haikushuka. "Umefanya kusudi."

"Nimefanya kusudi lako. Sikukuuliza una hakika?"

"Kwani wimbo ule una nini?"

Bi Mwanatumu akamkazia macho, kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. "Hujui? Wewe, mtoto wa Mwanasiti, mzaliwa wa huku huku Msambweni, hujui? Ule ni wa kukunjia mikeka! Ngoma ikifungwa huku kwetu hufungwa kwa ule. Ukishalia umelia. Hata bwana harusi haulizwi."

"Si kweli. Mimi nimeusikia ngoma zote. Mama hakuacha kunipeleka."

"Na ulikuwa wapi ulipokuwa ukiusikia?"

Suleiman akakumbuka.

Alikuwa mgongoni. Amefungwa kwa leso, shavu kwenye bega la mama yake, usingizi unamchukua, nzumari inalia nyuma yao mbali, na mbali zaidi, na hatua za mama zinamtikisa. Maisha yake yote hajapata kuusikia wimbo ule akiwa amesimama kwa miguu yake.

"Basi," alisema Bi Mwanatumu, si kwa ukali. "Wewe ulikuwa mzigo. Mzigo haujui unapelekwa wapi."

Hapo ndipo Bwana Abdulkadir alipotokea, anafuta machozi kwa leso ya mkono. Suleiman alijua ni machozi ya nini. Yule bwana alikuwa hoi kwa kicheko.

"Kapteni! Wallahi, nimeona mengi. Watu mia tatu wanakwenda zao bila askari, bila fimbo, bila tusi! Hawa wazee ni nani?"

"Ni watangulizi tu, Bwana Abdulkadir. Wa kuchangamsha watu."

"Wa kuchangamsha? Basi Jumamosi nawataka Galu, wawe wa mwisho. Wewe ndiye utangulie."

"Mimi? Nitangulie?"

Chome alishindwa kuvumilia. "Tumevuka feri na injini mabegani tuje kumpashia moto ajuza?"

"Ajuza anakusikia, mwenye ndevu za mbuzi," alisema Bi Mwanatumu. "Na wenzio wawili wako pale uwanjani wanakungoja."

Abdulkadir alicheka tena, kisha uso ukabadilika ghafla, ukawa uso wa kazi. "Nasema mara moja. Wageni wa hoteli hawapendi kimya. Kimya kikiingia, husikia mbu, wakaenda kulala. Jumamosi nitakuja na karatasi ya kazi mfukoni. Atakayeshika uwanja usinyamaze, huyo ndiye nitakayemwandika. Uwanja ukinyamaza, naingia garini, natafuta bendi Mombasa. Tumesikizana?"

Akaenda zake, na kiti chake akakibeba mwenyewe.

Msomaji, ungedhani Bi Mwanatumu atapiga vigelegele. Alikaa chini mchangani kama aliyeambiwa habari ya msiba.

"Sisi hatuwezi kuwa wa mwisho," alisema.

"Kwa nini?" Suleiman aliuliza. "Nafasi hii wengine wanaililia."

"Umewahi kujiuliza kwa nini sisi hutangulia kila mahali? Ulidhani ni adabu? Ni pumzi yake." Akaelekeza kidevu kwa Mzee Ngala. "Baada ya alasiri anayo. Jua likishaanza kushuka, hana. Huyu alikuwa akipuliza mpaka jogoo wanawika, bila kukata. Sasa tunaiwahi pumzi kama watu wanaowahi soko."

"Nasikia yote," alisema Mzee Ngala, macho bado yamefumbwa. "Kibovu ni kifua, si masikio."

"Shikamoo, mzee," alisema Suleiman. Alisahau hata kumsalimu tangu asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Jumamosi nitakwenda. Miaka yote nimewapulizia watu wangoje wengine. Nataka siku moja waningoje mimi. Nitapuliza wimbo mmoja, niliotunga mwenyewe, haujapulizwa mbele za watu. Nikishaupuliza, nzumari naitundika." Akafumbua jicho moja. "Lakini wewe usikae sana jukwaani. Nyimbo tatu. Ukipiga wa nne, unapiga kwa pumzi yangu."

"Na kazi?" Chome aliuliza.

"Kazi chukueni," alisema Bi Mwanatumu. "Mimi nina nyumba yangu Munje na kuku wangu. Chumba cha hotelini nikifanyie nini? Mkizi mpige tatu. Ule wa tatu msiukate. Mzee ataingia juu yake, nzumari ipokee gitaa, kimya kisipate hata mahali pa kukaa. Abdulkadir atawaandika nyinyi, na mzee atakuwa amengojwa. Hapo nani amekosa?"

Hakukosa mtu. Suleiman akampa Mzee Ngala mkono. "Tatu, mzee. Naapa."

Jumamosi ikafika.

Uwanja wa Galu ulikuwa nyuma ya hoteli, umezungushiwa ua wa makuti, nusu ya kuta bado hazijapakwa chokaa. Wageni wachache walikaa kwenye viti vya ukindu, na watu wa kijiji waliachwa nje ya ua, wanachungulia. Abdulkadir alikuwa katikati, kitini, na karatasi yake inachomoza mfukoni mwa kanzu.

Suleiman alipanda wa kwanza. Koti jekundu aliliacha sandukuni. Alipanda na shati la mikono mifupi kama mtu anayekwenda kutengeneza bomba, maana kwani nani atamtazama? Mtangulizi hatazamwi. Watu wanazungumza, wanaagiza soda, wanaulizana wale wenyewe wanaanza saa ngapi.

Akapiga wa kwanza kwa uvivu, amefumba macho. Alipoyafumbua, hakuna aliyekuwa akizungumza.

Akapiga wa pili. Wapishi wakatoka jikoni, mmoja na mwiko mkononi. Ua wa makuti ukaanza kutikisika.

Wa tatu, ua ukaanguka! Watu wa kijiji wakamiminika juu yake, vumbi likapanda, mama mmoja wa Kizungu akavua viatu akaingia mchangani, na yule mpishi akampokea kwa twisti ambayo mwenyewe hakujua kama anaijua.

"Tena! Tena!"

Suleiman hakulielewa neno lile mara moja. Miaka kumi na mmoja alikuwa akilisikia akiwa nyuma ya pazia, likiitwa kwa ajili ya wengine. Akageuka kutazama nani yuko nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

Abdulkadir alisimama. Akachomoa karatasi, akaiinua juu, akaielekeza kwa Suleiman, akamwashiria kwa kichwa: endelea.

Msomaji, uchovu ni kitu cha ajabu. Ulimtoka mtu yule kama nguo iliyolowa inavyovuliwa. Mgongo haukuuma. Vidole vilikuwa vya miaka ishirini.

"Kapteni, zimetimia tatu," alisema Chome sikioni mwake.

"Mmoja tu."

Wakapiga wa nne.

Wa tano aliuanza kabla wa nne haujaisha, Chome asipate nafasi ya kusema. Alijua Mzee Ngala yuko upande wa kushoto, ameketi. Kwa hiyo alitazama kulia. Wa sita akaupiga wote akitazama kulia, mpaka shingo ikamkaza.

Kivuli cha paa la hoteli kilikuwa kimefika miguuni mwake ndipo alipoona leso. Bi Mwanatumu alikuwa amezunguka uwanja mzima kwa miguu yake mibovu ya uzee, akaja kusimama kulia, pale pale alipokuwa akitazama. Hakuita. Hakupunga. Aliinua vidole vitatu tu. Kisha akavikunja, kimoja kimoja.

Suleiman akageuka kushoto.

Mzee Ngala alikuwa ameinama, nzumari iko mapajani.

"Mzee!" Suleiman alipaza sauti, vidole bado vinakwenda. "Mzee, ingia! Ingia sasa!"

Mzee akainua kichwa. Akapanda polepole, ngazi ya kwanza, ya pili. Watu wakamwona, wakapiga makofi. Akaweka nzumari mdomoni, mashavu yakajaa, vidole vikaziba matundu.

Suleiman alizungusha kipande kile kile cha wimbo gitaani, anangoja. Akazungusha tena. Chome naye akazungusha, anamtazama kwa hofu.

"Umeisikia?" Suleiman alimwuliza.

"Sisikii kitu. Labda inalia, magitaa yanaifunika."

"Labda." Akazungusha mara ya tatu. Mashavu ya mzee yalikuwa yamejaa bado. Inalia au hailii? Huenda inalia, na yeye ndiye anayeifunika?

"Zima injini!"

"Kapteni, kimya kikiingia..."

"Zima nikuambie!"

Chome akaruka chini, akazima. Magitaa yakafa. Spika zikafa.

Nzumari ilikuwa hailii.

Mashavu yalishuka taratibu bila sauti. Uwanja wote wa Galu ukanyamaza, na Suleiman, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, alisikia mbu.

Abdulkadir alikunja karatasi mara mbili, akairudisha mfukoni, akachukua kiti chake, akaelekea lilipo gari lake.

"Umemchelewesha mzee," Bi Mwanatumu alimwambia Suleiman.

 

Bi Mwanatumu akapanda jukwaani. Akasimama kando ya Mzee Ngala, akamwekea mkono mgongoni kama unavyomwekea mtoto aliyepaliwa, na akaanza kuimba. Bila ngoma, bila nzumari, bila kipaza sauti. Wimbo mpya, wa mzee, ule ambao haujapulizwa mbele za watu. Aliuimba chini sana, maana aliuimba kwa ajili ya mzee, si kwa ajili ya Galu.

Waliokuwa nyuma hawakusikia, wakasogea. Wa mbele wakaketi ili wa nyuma waone. Hakuna aliyeondoka. Yule mpishi aliuweka mwiko chini.

Suleiman alijikuta vidole vyake viko kwenye nyuzi. Gitaa la umeme lisilo na umeme halina sauti, ni kama panya anakwaruza. Alilisikia yeye, na Bi Mwanatumu, na labda mzee. Akaendelea kulikwaruza.

Mzee Ngala akafungua macho. Akalamba midomo. Mkono ulioshika nzumari ukaanza kupanda tena.

Na huko langoni mlango wa gari ukafunguliwa. Kutoka pale Abdulkadir hakuweza kusikia lolote. Kwake yeye uwanja ulikuwa umekufa.

"Kapteni!" Chome alikuwa amepiga magoti kando ya injini, kamba mkononi, jasho linamtoka. Alinong'ona, lakini ulikuwa mnong'ono wa mtu mwenye watoto watatu. "Anaondoka! Nikiivuta sasa hivi atasikia, atarudi! Kazi bado tunayo!"

Suleiman alimtazama Chome. Injini ile ikinguruma, sauti ya Bi Mwanatumu itamezwa, na mzee hataisikia hata nzumari yake mwenyewe. Isiponguruma, gari linakwenda Mombasa, na wao kesho wanarudi juu ya masanduku, miaka mingine kumi na mmoja.

Taa za gari zikawaka.

"Kapteni! Nivute au nisivute?"

Mzee Ngala akajaza mashavu.